Nilivyoendesha Gari la Gemu kwa Mguu

Mashine ya kusaga ya kijijini kwetu Mwamkulu ilinikata mkono wa kushoto muda mfupi baada ya kumaliza darasa la saba. Nikahamia Mpanda mjini kwa kaka yangu, fundi redio. Bandani kwake kulikuwa na tivii ndogo na mashine ya gemu, na jioni watu walijazana kushindana magari, kila mtu kwa zamu yake, maana pedi ya kuchezea ilikuwa moja; aliyemaliza kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Dole gumba la kushoto lilikata kona, la kulia likaongeza mwendo. Mimi nilitazama tu.

Mchana mmoja, hakuna mteja, nikamwambia kaka, "Na mimi nataka kucheza."

Kaka hakugeuka. Tangu niumie, alizungumza nami macho yakiwa kwenye kazi yake. Akachukua bisibisi, akaifungua pedi.

"Ukiiunguza je?" nikamwuliza.

"Itakuwa imeungua."

Alichomelea nyaya ndefu kutoka kwenye pedi hadi kwenye ubao sakafuni. Juu ya ubao akapigilia vipande vya kandambili na vifuniko vya soda, ili nikanyage kushoto au kulia, huku mkono wangu wa kulia ukibonyeza mwendo kwenye pedi. Wengine wangeendelea kutumia pedi kama kawaida.

Alipowasha, kioo kilibaki cheusi. Akazima, akawasha tena. Cheusi. Nilitamani kutoka nje. Yeye akainama, akasogeza waya mmoja uliokuwa umegusana na mwenzake, na picha ikaja.

Jioni ile nilikaa mbele ya watu, mguu peku juu ya ubao. Mshindani wangu alikuwa fundi cherehani jirani yetu, ambaye hakuna aliyemweza. Nilianza mimi, nikagonga ukuta mara kadhaa, nikamaliza taratibu. Zamu yake ilipofika alikwenda vizuri, halafu kwenye kona ya mwisho akaliachia gari likaingia majanini, likazimikia hapo.

"Umenishinda, mdogo wangu," akasema, na watu wakapiga makofi.

"Umeachia makusudi."

"Aa, mchezo tu huu."

"Rudia."

Makofi yakakatika. Fundi cherehani akamgeukia kaka, kama anayeomba msaada. Kaka alikuwa akinitazama mimi, usoni, kisha kwenye kipande kilichobaki cha mkono wangu wa kushoto, na hakuhamisha macho.

"Rudia," naye akasema. "Cheza kama unavyocheza na mimi."

Akarudia. Safari hii hakugusa ukuta hata kidogo, akaniacha mbali sana. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba ni ukatili. Mimi nilikuwa na hasira, lakini nilimwomba fundi cherehani tushindane tena.

Alinishinda masika yote. Mara ya kwanza nilipompita kwa haki, alikunja uso, akataka turudie papo hapo.