Nilivyopanga zamu za maji kwa kompyuta, mfereji mzima ukanitafuta

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, miaka mingi nasoma nyuzi zenu bila kuchangia. Leo naandika yangu. Sijaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitausema kama ulivyokuwa.

Nina miaka arobaini na sita, elimu yangu ni darasa la saba, nalima tangawizi huku Mamba, milimani Upare, wilaya ya Same.

Mwaka jana nilimpoteza mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa katibu wa kikundi chetu cha maji.

Kwa wasiojua, huku tuna ndiva, yaani bwawa la udongo na mawe lililojengwa juu mlimani. Jioni linafungwa ili maji ya kijito yajae, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji mpaka mashambani. Kila mtu ana siku yake. Nani anamwagilia lini, yote yalikuwa kwenye daftari la mke wangu.

Alipoondoka, hakuna aliyelishika lile daftari, hata mimi nilishindwa kulifungua. Ugomvi ukaanza. Watu wanaokaa benchi moja kanisani wakawa hawasalimiani mferejini.

Nikasikia kuna chuo cha wananchi Same mjini kinatoa kozi ya kompyuta, na darasa la saba wanapokelewa. Nikajiandikisha. Ukweli ni kwamba nilikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Kompyuta ilikuwa kisingizio.

Siku ya kwanza tukaambiwa tusogeze mouse kwenda kulia. Nikasogeza, nikasogeza, ikafika ukingoni. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, meza imeisha."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka mpaka machozi. Baadaye, njiani kurudi kwa shemeji yangu nilikofikia, nikatambua kwamba sikuwa nimecheka tangu msiba.

Kuanzia hapo nikapenda shule, wakuu. Wenzangu wengi walikuwa vijana waliotoka kidato cha nne, wananiita Baba Elia. Mwalimu mwenyewe ni dada wa miaka ishirini na kitu. Alikuwa ananipa shikamoo kwanza, ndipo ananipa test. Nilijifunza kuandika barua, kutunza mafaili, na Excel. Excel ndiyo iliyoniteka. Unabonyeza mara moja, majina yote yanajipanga yenyewe.

Kumbukeni hapo.

Mwisho wa kozi kila mwanafunzi alitakiwa atengeneze project itumiwe na watu kwa wiki mbili, kisha mwalimu anakuja kuwahoji. Wakisema haifai, hupati cheti. Mimi nikachagua zamu za maji.

Nikarudi nyumbani, nikalifungua daftari. Majina thelathini na mawili. Nikaona hayana mpangilio wowote, Zakaria yuko karibu na Elieza, Elieza karibu na Namkunda. Nikasema moyoni, marehemu alikuwa na haraka, ngoja nimnyooshee kazi yake. Nikarudi nalo Same, nikaingiza majina kwenye kompyuta ya chuo, nikayapanga kwa alfabeti, nikayagawa Jumatatu mpaka Jumamosi. Nikaprinti, nikabandika kwenye mlango wa stoo ya kikundi. Ilipendeza sana.

Sasa, anayewajua Wapare anajua majina yetu. Nusu ya watu wanaanza na Eli, nusu nyingine wanaanza na Na. Jumanne ikawa siku ya kina Eli peke yao. Mmoja shamba lake liko juu, mwingine katikati, mwingine mwisho kabisa wa mfereji. Maji yakawa yanasafiri mfereji mzima kila siku, na mfereji mkavu hunywa kwanza kabla ya kukupa wewe. Watu wa chini walipata tope.

Alhamisi Mzee Zakaria akaja nyumbani na jembe begani. Shamba lake liko hatua chache tu kutoka kwenye ndiva, lakini kwa alfabeti yeye ni wa mwisho.

"Baba Elia, shule yako imesemaje kuhusu mimi?"

"Shikamoo mzee. Wewe ni Jumamosi."

"Marahaba. Maji yanapita mlangoni kwangu kila asubuhi, mimi nayasalimia tu. Wewe unaona hii ni akili?"

Tangawizi zilikuwa ndiyo kwanza zinachipua, na juma lingine kama lile zingekauka. Cheti nacho kilikuwa kinaondoka nikikiona.

Ijumaa asubuhi nikachukua daftari, nikapanda mpaka kwenye ndiva. Nikaanza kushuka na mfereji, shamba kwa shamba, nasoma majina alivyoyaandika mke wangu.

La kwanza, Zakaria. Nikainua macho, shamba la Zakaria. La pili, Elieza. Shamba la Elieza. Mpaka chini hakukosea hata moja. Majirani aliwaweka siku moja, ili mfereji ukishalowa, maji yawatoshe wote. Pembeni ya Mama Namkunda, anayeumwa goti, aliandika: "aanze yeye, goti."

Wakuu, mimi nimezaliwa kwenye mfereji ule. Najua nani yuko juu na nani yuko chini. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta niliona majina, sikuona mashamba.

Nilipofika kwenye shamba letu nilikaa chini muda kidogo. Hapo sitaandika zaidi.

Mchana huohuo nikashuka Same. Nikaongeza safu mbili, moja ya namba ya shamba kuanzia kwenye ndiva, nyingine ya maelezo, lile goti likaingia humo. Nikapanga kwa namba. Mwalimu akatazama, akaniuliza, "Nani amekufundisha hii?"

Nikamwambia, "Katibu wetu."

Juma la pili maji yalikwenda vizuri. Mwalimu akapanda Mamba kwa bodaboda, akafika viatu vimejaa udongo, akatoa fomu yake. Kwa bahati mbaya wa kwanza kukutana naye alikuwa Mzee Zakaria.

"Shikamoo mzee. Mfumo wa Baba Elia unafanya kazi?"

"Marahaba mwanangu. Mfumo siujui. Maji nimepata."

"Niandike hivyo?"

"Andika. Na uandike kwamba juma la kwanza alinionea."

Akaandika yote mawili, akanipa nisome. Nikafaulu. Kikundi nacho kikanipa ukatibu, na kila Jumamosi mchana nasimama mlangoni pa stoo nikibandika zamu mpya. Watu wanakuja kusoma, wanataniana, hawaondoki haraka. Kwangu hiyo ni furaha kubwa.

Nilichojifunza: ukiona kazi ya mtu haina mpangilio, tembea kwanza alikotembea yeye. Na kwa wenye umri wangu wanaoogopa kompyuta, nendeni, hamtakuwa wa kwanza kumaliza meza.

Naomba mchango wenu. Walioko Myamba, Kwakoa na kwingine kwenye zamu za maji, mtu akifiwa karibu na siku yake, zamu yake mnaifanyaje? Nataka kuongeza safu hiyo, na sitaki kuibuni mwenyewe tena.