Mzee Aliyeuliza Injini Yake

Usiponiamini, shauri yako. Nimechoka kubishana na watu juu ya jambo hili. Kanisani kwetu kuna waliosema kazi imenichosha akili, na kuna waliosema nilikuwa nimelewa, wakati mimi bia sijaigusa tangu nimalize chuo. Mimi ni muuguzi. Nimewafumba macho marehemu kwa mikono hii, kisha nikaenda kula chakula cha mchana vizuri tu. Si mtu wa kuona mapepo kila pembe. Basi nikikwambia kwamba mtu aliyekwisha kufa alipanda gari langu Jumapili ile, akakaa, akafunga mkanda, usinitazame hivyo. Kaa usikilize.

Gari lenyewe ni mojawapo ya yale ya zamani ya Kimarekani, la mwaka sitini na tisa, milango miwili, boneti ndefu, injini ya V8 inayonguruma mpaka vyombo vinatikisika kabatini kwa jirani. Nililitamani tangu nilipofika Minnesota, huku Marekani, nikiwa mwanafunzi wa kupanda mabasi. Mke wangu, Mama Grace, alisema nimeingiwa na wazimu wa Kizungu. Binti yetu alichungulia dirishani akasema, "Baba, it's so loud," akarudi chumbani kwake. Sikujali. Kila mtu na starehe yake, na yangu ilikuwa ile.

Nililinunua Roseville, kwa bwana mmoja aliyekuwa anauza vitu vya baba yake baada ya mazishi. Gerejini kwake kulikuwa na picha ukutani: mzee mrefu mwenye uso mkavu, amesimama kando ya gari, mkono wa kulia juu ya boneti, na vidole viwili vya mwisho havipo. Mwanawe aliniambia vidole vile vilikatwa kiwandani. Akaniambia pia kwamba baba yake hakumruhusu fundi yeyote aiguse injini ile, hata yeye mwanawe hakuwahi kuruhusiwa kubadili oili. Nikasema pole sana kwa msiba, nikaondoka na gari langu. Langu, nasema. Nililinunua kihalali na hati zina jina langu.

Sasa, gari la namna hiyo ni zuri kulitazama, lakini kuliendesha ni adhabu. Breki unakanyaga leo, linasimama kesho. Kukiwa na baridi kidogo haliwaki, na ukiliwasha kwa nguvu linajaa moshi wa petroli mpaka macho yanatoka machozi. Nikalipeleka kwa Odhiambo, Mkenya mwenye gereji Burnsville, rafiki yangu wa siku nyingi. Tulibadilisha breki, tukabadilisha viti, na mwisho akaipiga ile injini kofi la mgongo na kusema, "Boss, hii tui-swap tu. Tuweke mpya, ya computer, i-start hata kukiwa minus twenty."

"Na hii ya zamani?"

"Usitupe. Wazee wa huku wanapenda gari ikiwa na engine yake original. Wanaweza kukulilia."

Kutupa? Nani aliyetaka kutupa? Sisi watu wa nyumbani hatutupi kitu. Kiangazi kile Watanzania wenzangu walikuwa wanajaza kontena la kwenda Tanzania: magodoro, majokofu, matairi, baiskeli za watoto. Nikaiviringisha injini kwenye mablanketi makuukuu, nikaifunga mikanda, ikaenda. Mdogo wangu Tumaini yuko Makambako na mkewe Mama Upendo, ana mashine ya kupasulia mbao, na injini yake ya zamani ilikuwa inamfia kila wiki. Baada ya miezi kadhaa akanitumia video. Ameifunga kwenye mashine, inanguruma, na yeye anacheza kando yake, vumbi la mbao limejaa kichwani. "Kaka, inakunywa petroli kama mlevi," akasema, "lakini hakuna gogo linaloikatalia!" Nilifurahi sana. Kama kuna mtu hapa duniani ninayempenda bila masharti ni Tumaini, na ukimwona ungempenda pia.

Kuna jambo ambalo wenye magari kama haya hawakuambii. Huku huwezi kuweka mafuta kwa amani. Kila kituo yuko mzee mmoja, anakuja polepole, mikono mfukoni, anaanza: la mwaka gani hili, kaka yangu alikuwa nalo, halafu anakutazama juu mpaka chini na kuuliza kama ni lako. Swali hilo ndilo linalonipandisha presha. Ni la nani, sasa, la mjomba wako? Na akishamaliza hilo lazima aulize kama injini ni ile ile ya kiwandani. Ukisema hapana, anakunja uso kama umemtukania mama yake. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeshazoea, na nilikuwa nimeshachoka nao.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, saa zimesharudishwa nyuma kama wafanyavyo huku kila mwaka, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Nilitoka kanisani, nikapita nyumbani kwangu, kitongoji cha Crystal, kubadilisha nguo, nikalichukua gari kulipeleka kwa Odhiambo likalale huko mpaka majira ya kuchipua. Walikuwa hawajaanza kumwaga chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani, na chumvi ile inakula chuma kama mchwa. Njiani nikasimama kuweka mafuta. Naye akaja.

Nilimwona kwanza kama wale wengine wote. Mzee mrefu, shati tu, bila koti, bila kofia. Hakuniuliza la mwaka gani. Aliinamisha sikio kwenye boneti, ingawa gari lilikuwa limezimwa, akasema, "Halisikiki sawasawa."

Nikamjibu kwamba limezimwa, atasikia nini?

Akasema, "Injini iko wapi?"

"Iko humo ndani."

"Hiyo si yake. Yake iko wapi?"

Nikaona huyu leo amenikuta vibaya. Nikamwambia haimhusu, gari ni langu, injini ni yangu, aende zake akavae koti. Na nilipomwambia hivyo nikaona kitu. Mimi maneno yangu yalikuwa yanatoka na mvuke, kama kila anayesema nje kwenye baridi ile. Yake hayakuwa na mvuke. Mdomo unafunguka, maneno yanatoka, lakini mbele ya uso wake hakuna kitu. Nikarudisha bomba la mafuta, nikaingia garini, nikafunga milango yote na kuondoka kwa kasi. Kwenye kioo nilimwona bado amesimama palepale.

Nilipoingia barabara kuu ya 35 kwenda kusini nilikuwa nimeshaanza kujicheka. Mtu mzima, muuguzi, nakimbia kizee. Nikawasha hita, ile mpya aliyoifunga Odhiambo, inayopuliza kama tanuri. Upande wangu joto. Upande wa kulia baridi. Nikaona kioo cha abiria kinaganda barafu kwa ndani, kinaanzia pembeni na kupanda. Nikageuka.

Alikuwa amekaa hapo, ametazama mbele, amefunga mkanda vizuri. Mkono wake ulikuwa juu ya dashibodi, na vidole viwili vya mwisho havikuwepo.

Ungefanya nini wewe? Ungepiga kelele? Nilishika usukani kwa mikono miwili na kuanza kusali moyoni, na sala yenyewe niliisahau katikati. Ndipo injini ikazimika. Taa zikazimika. Hita ikanyamaza. Tuko njia ya katikati, magari yanapita kushoto na kulia, na nyuma yetu lori linapiga honi na kutumulika. Usukani ukawa mzito kama jiwe. Breki nakanyaga, haziitikii.

"Yangu iko wapi?" akauliza. Hakunitazama. Hakupandisha sauti. Chuki niliyoisikia mle sijawahi kuisikia kwa mtu aliye hai, na mimi nimefanya kazi na wagonjwa wanaotutemea mate.

Usukani ukaanza kuzunguka wenyewe, taratibu, kuelekea kulia, ambako lile lori lilikuwa limeshaanza kutupita. Akauliza tena, na ukazunguka tena.

Nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu hofu ilipofika mwisho Kiingereza chote kilinitoka. Na watu wa nyumbani mtanielewa hapa, kwa sababu kwetu mtu akikuuliza njia humwelekezi nusu nusu. Tumelelewa hivyo. Unamfikisha mpaka mlangoni. Nikamwambia, "Iko Makambako. Ukishuka stendi, shika barabara ya Njombe, pita soko, utaona kanisa la matofali mkono wa kushoto. Hapo uliza kwa Tumaini wa mashine ya mbao, hata mtoto atakupeleka. Mwambie umeelekezwa na kaka yake." Na nikamalizia, Mungu anisamehe, kama ninavyomalizia kwa mgeni yeyote: "Watakupokea vizuri."

Yule mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelewa kila neno. Kwa mara ya kwanza akanigeukia. Alikuwa anatabasamu.

Injini ikawaka. Taa zikarudi. Nikalikwepa lori kwa kiasi cha mkono, nikasimama pembeni, na kiti cha abiria kilikuwa kitupu, mkanda bado umefungwa.

Nilipofika kwa Odhiambo nilishuka na kuacha mlango wazi. Akalizunguka gari, akagusa barafu iliyokuwa inayeyuka ndani ya kioo, na nikamweleza yote. Odhiambo ni mtu wa mzaha, lakini hakucheka.

"Umem-direct kwa bro yako?" akaniuliza.

"Yule ni maiti wa Roseville," nikamwambia. "Makambako atafikaje? Viza atapewa na nani?"

Nikacheka peke yangu. Nilicheka sana, kwa sababu nilikuwa nimeokoka, na aliyeokoka hufikiria ngozi yake kwanza. Nililala usingizi mzito.

Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni nakunywa chai kabla ya kwenda kazini. Huko nyumbani ilikuwa jioni. Simu ikaita, Tumaini.

"Shikamoo kaka. Mgeni wako amefika salama."

"Mgeni gani?"

"Mzungu wako, yule mzee! Mbona hukututaarifu? Mama Upendo amemchinjia kuku, lakini hali kitu. Chai amekataa. Anaitazama mashine tu. Amesema wewe ndiye uliyemwelekeza, na kweli amefika bila kupotea, hata kona moja."

Nilisimama. Chai ilimwagika, sijui ilimwagika lini. "Tumaini, nisikilize. Toka hapo. Mchukue mkeo na mtoto mtoke. Usiiwashe hiyo injini."

"Nimeshaiwasha, kaka. Aliomba aisikie."

Na kweli niliisikia, kupitia simu, ile ngurumo niliyoipenda tangu ujana. Nikaita jina lake. Nikaita, nikaita. Injini ikanguruma kwa muda mrefu, kisha ikazimwa, na mtu akapumua karibu na simu. Kisha simu ikakatwa.

Mdogo wangu hakufa. Bora nikwambie hivyo mapema, maana watu hudhani alikufa na kunipa pole. Hakukatwa na msumeno, hakuumia popote. Mgeni ndiye hakuonekana tena tangu jioni ile. Lakini Tumaini hajapasua ubao hata mmoja. Anashinda kando ya injini na kitambaa mkononi, anaifuta. Anakula hapo, analala hapo. Vijana wake wa kazi wameondoka, kwa sababu anayeisogelea anarushiwa spana. Mchungaji alikwenda kumwombea, naye akarushiwa spana. Upendo, binti yake mdogo, alimkimbilia siku moja akamshika mguu, naye akamsukuma kama mtu asiyemjua. Na Tumaini, ambaye aliishia darasa la saba na Kiingereza chake ni cha kumwamkia mwalimu, sasa anaongea Kiingereza cha puani, cha wazee wa huku.

Nikipiga simu anapokea. Haniiti kaka. Ananiuliza jambo moja tu: gari lake nitampelekea lini?

Wako wanaoniambia nilitume. Odhiambo ananiambia, Mama Grace ananiambia, hata wachungaji wawili wameniambia, nilipakie kwenye kontena nimalize matatizo. Nami nawauliza: injini anayo. Akishapata na bodi, atataka dereva. Dereva atakuwa nani? Kwa hiyo gari bado liko Burnsville, chini ya turubai, na sijaligusa wala sitaligusa.

Mama Upendo amerudi kwao na mtoto. Kabla ya kuondoka aliniandikia ujumbe. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliandika, "Shemeji, ulimtuma nani kwetu?" Naufungua kila siku, na sijaujibu.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesikiliza ukijiona mjanja. Siku moja mtu usiyemjua atakuuliza kitu chake kiko wapi. Hata kama umebanwa, hata kama unaona kifo kinakuja na taa zake. Sema hujui. Sema kimeibiwa, sema kimechomwa moto, danganya mpaka mwisho. Kama ni kufa, kufa wewe. Usimtaje ndugu yako.