Kura ya Baba Yake Iqbal

Ipo Jumamosi moja ya Thorncliffe Park, mtaa wetu wa wahamiaji huko ughaibuni, ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikikusikia unasema unataka kuingia siasa. Nimetangatanga miji mingi tangu hapo, lakini simu ile bado inanilia masikioni.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa kijana kutoka Tanga, nikiishi ghorofani na Iqbal, Mpakistani niliyefanya naye kazi kiwanda cha madirisha. Baba yake alikuwa mbunge katika bunge la jimbo huko kwao. Jirani yetu alikuwa Mzee Rajabali, Mhindi wa Mwanza, ambaye hakukubali kusema nami lugha nyingine ila Kiswahili. "Kiingereza ni cha bosi," alikuwa akisema. "Wewe mtu wa nyumbani bwana."

Asubuhi hiyo, tukinywa chai na mzee, dada yake Iqbal alipiga simu kutoka kwao. Mama yao yu taabani hospitalini, anamuulizia mumewe, na mume hapatikani. Amefungiwa hotelini, mlimani, mwendo wa saa moja tu kwa gari kutoka hospitalini.

Nilishtuka. "Ametekwa?"

"Na chama chake mwenyewe!" alisema Rajabali. "Wanataka kumwangusha mkuu wa serikali ya jimbo. Mpaka siku ya kura, wabunge wao wanawekwa hotelini wanakula pilau, mlinzi mlangoni, simu marufuku. Wasije wakanunuliwa na upande wa pili."

"Watu wazima, mzee?"

"Watu wazima, na masharubu yao."

Iqbal akapiga hotelini, akakatiwa. Akapiga tena, akakatiwa. Ndipo Rajabali akamnyang'anya simu, akasafisha koo na kuunguruma kwa Kiurdu kama mtu aliyezoea kupigiwa saluti. Nikasikia upande wa pili, "Sahib, sahib," yaani bwana, bwana. Akamrudishia Iqbal simu. "Nimewaambia mimi ndiye mwenye hoteli. Fanya haraka!"

Iqbal alizungumza amesimama wima, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Neno nililolielewa ni moja, "Ammi", yaani mama. Alilirudia na kulirudia, kisha akawa anamsikiliza baba yake. Rajabali, aliyesogeza sikio karibu na la Iqbal, akaninong'oneza:

"Anasema akitoka leo, watasema amenunuliwa. Kura ni keshokutwa. Anasema mama amemvumilia miaka yote, atavumilia siku mbili. Asiyekuwepo, na lake halipo."

Mwanangu, nilidhani mzee ametafsiri vibaya. Nikamtazama Iqbal usoni, nikajua sivyo.

Rajabali akaisogelea simu, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Ikakatwa. "Nimemwambia, bwana mkubwa, kwenye kura wapo wenzako. Kwenye kitanda kile hakuna wa kukukaimu."

Mama alifariki kesho yake. Kaka zake ndio waliomzika. Mumewe alipiga kura, upande wake ukashinda, mkuu wa jimbo akaanguka. Haukupita muda, serikali kuu ikalivunja bunge zima la jimbo. Walioangusha na walioangushwa wote wakarudi majumbani kwao. Mimi niliduwaa, na nikikumbuka bado naduwaa: kiti alichokilinda kwa bei ile hakikumkalisha hata msimu mmoja.

Basi simu yetu ikaanza kulia, Jumamosi baada ya Jumamosi. Iqbal aliitazama tu mpaka ikanyamaza.

"Pokea," nilimsihi. "Ni mzazi wako."

"Sasa ana nafasi," akanijibu. Akavaa koti, akatoka.

Sikukatazi siasa, mwanangu. Ukubwa ni jalala, na lazima awepo wa kutupiwa taka za watu. Wala baba yule hakuwa katili. Alikuwa mtu aliyeogopa kuonekana amenunuliwa, hofu ikamfunga kuliko mlinzi wa mlangoni. Lakini ukijikuta mahali ambapo kwenda kumwona mgonjwa wako kunaitwa usaliti, toka, hata kama kiti chako kitakaliwa na mwingine. Uchaguzi hurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe uongozi usioogopa kuuacha mlango wazi. Na siku utakayopiga simu nyumbani, mwanangu, akubakizie wa kuipokea.