Gari la mwaka wa volkano

Shemeji yangu Laurent ana maradhi ya magari, na hayakumpata mjini. Alikuwa bado anachunga ng'ombe wa baba yake kule Masisi alipoliona gari la mbio kwa mara ya kwanza, kwenye kalenda iliyotundikwa ofisini kwa padri. Anasema alilitazama mpaka akasahau alichotumwa. Leo ana mvi, anauza jibini la kwao sokoni Virunga, amesomesha watoto wanne kwa jibini hilo hilo, na bado likipita gari la milango miwili yeye hunyamaza katikati ya sentensi, kama inapita Sakramenti.

Mimi humcheka. Gari la namna hiyo linataka njia iliyopigwa pasi, na mitaani kwetu Goma hata pikipiki huruka juu ya mawe ya volkano, mtu akashuka ameshika kiuno. Lakini mwaka mmoja alikuwa amemaliza kujenga na kumwoza binti yake Jolie, akasema sasa ni zamu yake. Akatuchukua, mimi na dada yangu Apolline, mkewe, twende Himbi kwa Benny, kijana anayeleta magari yaliyotumika.

Nilikwenda na mzaha wangu tayari mdomoni. Nilipofika, mzaha uliniishia. Yalikuwa mawili, ya Kijapani, ya buluu, ndugu kabisa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mawingu yalikuwa yanatembea juu ya boneti zake. Hakukuwa na kona hata moja ambayo mtu hakuifikiria. Niligusa bawa la moja, pale juu ya gurudumu, kwa ncha ya kidole, nikajikuta nimeshusha sauti. Laurent hakugusa kitu. Alisimama tu, mikono nyuma, macho yamejaa machozi, na sikuweza kumcheka.

Tofauti ilikuwa mwaka. Moja lilitoka elfu mbili na moja, jingine elfu mbili na mbili. Damascène, fundi wa Laurent aliyetukuta pale, alilala chini ya yote mawili kwa muda mrefu. La kwanza liliwahi kugongwa nyuma, likaunganishwa na kupakwa rangi juu ya jeraha. La pili halijaguswa, na mwaka huo watengenezaji walikuwa wameliongezea gia ya sita. Hapakuwa na la kuuliza. Ndipo Benny akamsogelea Laurent.

"Muzee, iyi ni ya deux mille deux. Lakini batu bakikuuliza, sema tu deux mille un."

Kwingine muuzaji hudanganya ili gari lionekane jipya. Hapa Goma alikuwa anadanganya ili lizeeke. Elfu mbili na mbili ndio mwaka ambao moto wa Nyiragongo ulishuka, ukaukata mji katikati mpaka ziwani. Wengine hapa hawautaji kwa tarakimu. Husema tu mwaka wa volkano, na hawataki kitu cha mwaka huo kiingie kwao. Kwa watu wengine mimi huita huo ushirikina. Kwetu ni mama yetu. Alikuwa mgonjwa kitandani, nyumbani Murara. Mimi nilikuwa nimetangulizwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na watoto, Apolline akaenda kutafuta mtu mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, wa kumbeba. Aliporudi na chukudu, mtaa ulikuwa moto. Mama yuko pale hadi leo, chini ya jiwe, na watu wamejenga juu yake. Tangu hapo dada yangu hajapita njia ile. Huzunguka, hata akiwa na mzigo kichwani.

Apolline alikuwa ameweka kiganja juu ya gari la pili. Aliposikia mwaka, alikiondoa.

"Papa Jolie, chukua ile ingine. Ya ule mwaka siwezi kuikalia."

Laurent alijua maana yake. Kwa ukoo wao, gari jipya haliingii uani mpaka mama wa nyumba amekaa kiti cha mbele. Hata pikapu ya jibini iliingia hivyo. Akiligomea mama, gari hilo si la nyumba hiyo. Alitazama lile zima, akatazama lililogongwa. Hakubishana hata kidogo.

"Benny, tunakamata ya deux mille un," akasema, na sauti haikuwa yake.

Nilikasirika, sijui na nani. Kwa dada yangu singeweza, na kwa Laurent vilevile. Damascène ndiye hakuvumilia. Alifungua mlango wa gari la pili, akauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, pale paliposhonwa kitambaa kidogo chenye tarehe ya kiwandani.

"Mama, angalia. Mukaba ni ule ule balifunga kule fabrike. Janvier, deux mille deux. Hakuna ajali iligusa iyi gari."

Alidhani anasaidia. Januari ndio mwezi wenyewe wa volkano. Nilimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nilingoja Apolline aondoke. Badala yake aliuchukua ule mkanda.

"Janvier yetu?"

"Ile ile, mama."

Alipitisha kidole juu ya nyuzi, polepole, upande huu na upande ule.

"Mi nilifikiri ule mwezi dunia yote ilikuwa inawaka," akasema. "Kumbe kuko mutu alikuwa amekaa fasi moja, anashona mukaba, juu mutu ingine asiumie."

Sikuwahi kuliwaza hilo. Sisi tunalala barabarani Gisenyi, anga jekundu nyuma yetu, na mahali fulani mtu asiyetujua ameinamia cherehani anahakikisha uzi haukatiki. Na uzi haukukatika. Ulikuwa hapo, vidoleni mwa dada yangu.

Apolline aliinama, akakaa kiti cha mbele, akajifunga.

"Rosette, ingia nyuma. Papa Jolie, tupeleke Murara."

Benny akatoa funguo. Nilijikunja kwenye kiti cha nyuma ambacho nadhani kilitengenezwa kwa ajili ya paka. Laurent aliendesha taratibu, akikwepa kila jiwe, na wenye pikipiki walitupisha. Apolline alionyesha njia kwa mkono bila kukosea. Tulisimama mbele ya nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya lava, ambapo mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo.

Laurent alizima gari kwa heshima, akafanya ishara ya msalaba. Kisha dada yangu akaweka mkono juu ya mkono wa mumewe.

"Washa, ukanyange na nguvu. Nataka mama asikie kama nilirudi."

Laurent akawasha, akakanyaga mpaka mawe chini yetu yakatetemeka.