Shosho, Yai Lake na Manyoya ya Chumba cha Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini nilijua naenda kulisha ngamia. Wakala alisema tu "kutunza wanyama", na hapa Doha mnyama ni nani kama si ngamia? Nikapewa koti zito, glavu na buti, nje jua likichoma mpaka kandambili zinanata lami. Mlango ukafunguliwa, baridi ikanipiga usoni, na ndege wote wakanigeukia kama wazee wa kanisa waliokatiziwa mkutano.

Walikuwa pafini, ndege wa bahari za kaskazini: mgongo mweusi, tumbo jeupe, mdomo umepakwa rangi kama wa kwenda harusini. Watu hulipa kuwatazama kupitia kioo. Sisi tulikuwa upande wa ndani, tukitetemeka.

Wadogo zangu mnaokuja, nastaafu nikiwa na miaka ishirini na sita, kwa hiyo nisikilizeni kama mzee. Kazi ni samaki asubuhi, samaki jioni, katikati kufagia. Manyoya machache tulimwekea daktari wa ndege, mzee wa Kisudani, akayapime; mengine takataka. Yeye ndiye alitueleza kwamba moshi wa makaa ya mawe hubeba mekuri, ile ya vipimajoto vya zamani. Upepo huipeleka mpaka bahari za baridi, inaingia kwa vidudu, samaki anakula vidudu, ndege anakula samaki, na kila mlaji anabeba sumu ya wote aliowala. Ndege akibadili manyoya, sumu nyingine hutoka nayo. Ukipima unyoya, unajua alikula nini huko kwao.

Sasa kulikuwa na Shosho. Tulimwita hivyo kwa sababu alitembea kama nyanya yangu akienda kudai sufuria yake kwa jirani. Alitaga yai moja, ndiyo kawaida yao, kisha akawa haliatamii. Anatoka, anasimama, anatazama ukuta. Mumewe akafanya ovataimu mpaka akakonda.

"Huenda ni mekuri aliyokuja nayo," daktari alisema. "Huwasahaulisha mayai. Asipotulia kufikia Alhamisi, yai nalitoa, na hatutamruhusu kulea tena."

Nililia ndani ya barakoa.

Kesho yake daktari akampigia simu supavaiza wetu, mtu wa Eldoret mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mtandao ulikuwa unakatakata. Supavaiza akatukusanya.

"Majibu ya manyoya yametoka. Daktari amesema zibaki."

"Zibaki wapi, bosi?"

"Hapo hapo chini! Amesema zibaki kathiri, yaani zote. Nisione mtu na ufagio."

"Kwani amesema kwa Kiswahili?"

"Amejifunza, wewe! Watu husoma."

Kwetu Kenya kila kitu kikiwa kingi ni zi-, basi hakuna aliyeshtuka. Hatukufagia. Chumba kikawa kama mtu amepasua mto. Wageni nje ya kioo walipiga picha wakidhani ni theluji.

Alhamisi daktari akasimama mlangoni. "Yaa jamaa, hii nini?"

"Zibaki, daktari," supavaiza akajibu kwa fahari. "Kathiri."

"Zeibaq! Mekuri! Nilisema manyoya yana mekuri nyingi!"

Ndipo nikajua kuwa Kiswahili sanifu cha mekuri ni zebaki, neno tulilolitoa kwa Waarabu wenyewe. Supavaiza akakagua buti zake.

"Ufagio, yalla, haraka!" daktari akaamuru.

Nilikuwa nimeshauinua nilipomwona Shosho. Mdomo umejaa manyoya kama sharubu, anaingia nayo kwenye tundu lake la kutagia. Daktari akapiga magoti na tochi. Shosho alikuwa amejitandikia kitanda kizima na kulilalia yai. Mumewe alikuwa nje anafuturu.

"Na ile sumu ya manyoya, daktari?" nikauliza.

"Iliyo ndani ya unyoya imefungwa humo. Haitamdhuru." Akamgeukia supavaiza. "Sema lile neno lako."

"Zibaki?"

"Ehe. Zibaki."

Kama ni manyoya yaliyomtuliza au ni moyo wake tu, daktari mwenyewe hajui. Kifaranga kilitoka, cha rangi ya majivu, chenye hasira. Mama hupitisha zebaki kidogo kwenye yai, kwa hiyo nacho kitapimwa.

Mkataba wangu umeisha. Nyumbani nitafuga bata, na siku moja nitaenda kuziona hizo bahari zao za baridi. Huwa nafikiria kwamba kuna mtu aliwasha makaa yake mahali, hamjui Shosho, na bado moshi ukamfikia. Basi washikeni hawa ndege taratibu.

Siku ya kuaga nilikinyooshea kifaranga kidole. Kiliuma mpaka damu ikatoka. Supavaiza akatoa plasta akisema wengine wakistaafu hupewa saa ya mkononi. Mimi nilikuwa nacheka na kulia. Kilikuwa kimening'inia pale, na hakikutaka kuachia.