Kaa la Moto Kutoka kwa Mama Mapacha

Nilipokuwa mtoto ngozi yangu ilikuwa laini mpaka inzi akitua anateleza. Msinibishie. Pale Katonga, kwenye mwalo wa ziwa, mitumbwi inaposhusha dagaa, kina mama walikuwa wakinishika shavu halafu wanajiangalia vidole kama wamegusa mafuta ya mawese. Shule niliishia darasa la tano, na si kwamba ilinishinda, mimi ndiye niliyeichoka, lakini kwa upande wa ngozi nilikuwa profesa. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba bibi yangu alileta nyumbani jambo la kuniharibia ngozi ile, ataelewa kwa nini msimu mzima sikutulia.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi. Ziwa lilijaa mitumbwi mpaka samaki wakawa wanaombana njia. Watu walishuka na magodoro, masufuria, kuku, na mmoja nilimwona kwa macho yangu kabeba mlango wa nyumba yake kichwani. Malori yalikuwa yanakuja kuwachukua kuwapeleka kambini. Waliokuwa wanabaki nyuma ni wagonjwa, na wale wanaotafuta ndugu zao waliopotezana nao.

Konsolata alikuwa anatafuta mume. Ametoka Burundi, tumbo limemtangulia kama ngoma ya harusi, na mume wake walipotezana kule ng'ambo wakati watu wanagombea mtumbwi. Bibi alimkuta amekaa juu ya nyavu za watu, analiangalia maji tu.

"Simama mwanangu," akamwambia. "Hapo utanuka dagaa mpaka siku ya mwisho."

Akamleta kwetu. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, baba, na huyo Bibi mzaa baba. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Basi tukawa wanne, na haikuchukua muda tukawa sita, maana Konsolata alijifungua mapacha.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Kwetu sisi Waha, na kwa Warundi vilevile, mapacha si watoto wa kuzaa ukanyamaza. Amahasa, yaani hao mapacha, wakizaliwa, ndugu wa mume na ndugu wa mke lazima wakutane, wacheze ngoma, watukanane matusi ya wazi mchana kweupe, wapakane udongo mweupe. Bila hivyo mama yule haguswi. Ukiazima kaa la moto jikoni kwake, ukila cha chungu chake, ukiwabeba wanawe, ngozi yako inatoka mabaka na haiponi. Sasa ndugu wa Konsolata walikuwa ng'ambo, wa mume wake hata haijulikani kama wako hai. Angechezewa na nani, na mitumbwi?

Baba alikuwa mvuvi, mtu asiyeogopa dhoruba, lakini siku ile alikula amesimama mlangoni.

"Mama, huyu apelekwe kambini. Kule kuna wenzake, watamchezea."

"Mtu kajifungua juzi," Bibi akasema. "Lile lori litawatikisa hawa watoto mpaka wachanganyike wawe mmoja."

"Basi apike peke yake."

Konsolata akatengewa mafiga yake nyuma ya nyumba. Na mimi nikaanza kujikagua kama nguo ya mtumba: asubuhi mikono, mchana miguu, jioni namshikisha baba kioo nione kisogo.

Wiki ile zamu ya jumuiya ilikuwa kwetu. Wasiojua, jumuiya ni sisi majirani Wakatoliki, tunazunguka kusali nyumba hadi nyumba. Kiongozi wetu alikuwa Mama Zebedayo, mwanamke mwenye sauti ambayo akianza rozari Katonga, Ujiji wanaitikia. Alikuja na watu wake wote, wakafika kwenye shamba letu la mihogo, wakasimama hapohapo.

"Mwakeye, mama!" akatusalimu kwa kelele. "Sisi leo tutasalia hapa. Kuna upepo mzuri."

"Upepo gani, na jua lote hili?" Bibi akamjibu kutoka mlangoni.

"Upo, mama. Tunausikia."

Wakasali palepale kwenye mihogo. Salamu Maria zilikuwa zinatufikia kwa mbali kama watu wanaoita meli iliyowaacha. Somo la siku ile, nakumbuka, lilikuwa la mgeni aliyekaribishwa na mwenye njaa aliyelishwa. Mama Zebedayo alilisoma vizuri sana. Nusura mihogo ilie.

Walipomaliza, Bibi akasema, "Hilo somo mmelisoma mmesimama. Sasa njooni mkae."

Hakuna aliyesogea. Basi Bibi akachukua kigae cha chungu, akazunguka nyuma kwenye mafiga ya Konsolata, akatoka na kaa jekundu. Akapita nalo mbele ya watu wote taratibu, kama anapeleka sadaka altareni, akaliweka kwenye jiko letu, akapuliza, akabandika chai ya jumuiya. Mama mmoja alijishika mashavu. Mimi niliona kabisa kigae kinatetemeka mkononi mwa Bibi, nikadhani kinamchoma.

Chai ile hakuna aliyeinywa. Mbwa wetu, ambaye alikuwa anakula mpaka sabuni, aliinusa akaenda zake. Bibi akajimiminia kikombe, akanywa peke yake, akatoa na neno la shukrani.

Kutoka siku ile wanawake wakaacha kuanika dagaa karibu naye. Akitandaza huku, wao wanahamia kule. Alikuwa akirudi nyumbani anawabeba mapacha, mmoja kifuani mmoja mgongoni, anawaimbia nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya ajabu. Konsolata alikuwa anacheka, kisha analia, kisha anacheka tena.

Halafu, bwana, asubuhi moja nikaamka ninawasha. Naangalia tumbo: vipele. Mkono: vipele. Vimejaa maji, vinang'aa, kimoja hapa begani kilikuwa kikubwa kama taa ya karabai. Nilipiga yowe mpaka wavuvi waliokuwa katikati ya ziwa wakageuza mitumbwi. Katonga nzima ikajaa uani kwetu, safari hii hakuna aliyekumbuka kusimama kwenye mihogo.

"Si nilisema!" Baba akafoka. "Si nilisema mimi! Mwanangu mmoja tu niliyebakiwa naye! Huyu mama anatoka leo, watoto wake wanatoka leo!"

Konsolata hakubisha. Alikuwa ameshaanza kufunga kifurushi chake, mtoto mmoja kamlaza chini, mwingine analia. Lori lilikuwa halipo, na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Congo. Kila mtu aliiona.

Bibi akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Hii ni tetekuwanga," akasema.

"Mama," Mama Zebedayo akasema kwa upole, "tetekuwanga iliyokuja na kaa la moto?"

Bibi akavikagua vipele vyangu kimoja kimoja. Mwisho akanyanyuka.

"Ni kweli. Leo kuna mtu anatoka humu ndani."

Konsolata akajitwika kifurushi.

"Si wewe, mwanangu. Weka chini. Yasinta, chukua mkeka wako."

Nilidhani sijasikia. "Mimi, Bibi?"

"Hawa malaika wamezaliwa juzi. Ukiwapa hii tetekuwanga yako, tunawazika. Utakaa kibanda cha nyavu mpaka ikauke."

"Bibi, mimi ni mjukuu wako!"

"Najua. Ulitaka nimtoe mjukuu wa nani?"

Baba akanipisha mlangoni. Nikachukua mkeka wangu nikaenda, nalia kwa madaha, nageuka kila hatua mbili kuona kama wananionea huruma.

Kibanda kile kilinuka mpaka panya walikuwa wanaingia kwa zamu. Bibi alikuwa ananiletea uji kila asubuhi, ananiogesha kwa maji ya mwarobaini, anabadilisha kanga kabla ya kurudi ndani. Na kila akimaliza kuniogesha alikuwa anageuka, anateremsha kanga begani.

"Nitazame hapo mgongoni. Kuna kitu?"

"Hakuna, Bibi."

"Tazama vizuri. Na shingoni."

"Hakuna."

"Haya."

Anajifunga, anaondoka.

Nilipona. Mapacha hawakuugua. Watoto wa Mama Zebedayo, ambao hawakukanyaga kwetu hata siku moja, waliota vipele kunishinda, jambo lililoniudhi, na mama yao akasema ni upepo. Baadaye watoto walinenepa, Konsolata akasikia kwamba watu wa kijijini kwao wako kambini, akapanda lori. Aliyembebea pacha mmoja mpaka barabarani alikuwa baba. Alijifunga mikono kanga mbili ngozi isigusane, lakini alimbeba. Kama Konsolata alimpata mume, sisi hatukusikia.

Mimi hadithi hii nimetamba nayo kila kilabu cha mwambao huu. Nilikuwa nasema bibi yangu haogopi kitu, mila zote kaziweka mfukoni. Mpaka wanangu mwenyewe walipougua tetekuwanga, nesi akaniambia nisihofu kuwauguza, kwa sababu aliyewahi kuiugua haimrudii. Nikashtuka. Bibi alikuwa na makovu yake kwenye paji la uso, ya tetekuwanga ya usichana wake. Sasa mgongoni alikuwa anatafuta nini?

Alikuwa anatafuta mabaka. Bibi aliamini lile jambo sawasawa na Mama Zebedayo, labda kumzidi. Kila asubuhi alikuja kwangu kusomewa hukumu yake, na alinichagua mimi kwa kuwa nilikuwa mdogo, nisingejua naulizwa nini.

Najiuliza, na kama asubuhi moja ningemwambia kipo, Bibi, ingekuwaje? Nadhani angejifunga kanga yake, angerudi ndani kuwaogesha wale watoto, maana maji yangekuwa yameshapata moto.