Safari ya Mume Wangu kwenda Mji wa Kamari

Mume wangu alikuwa mpishi wa mlimani. Sisemi mpishi wa hoteli za mjini Moshi. Yeye alipanda na wageni mpaka kambi za juu, akapiga magoti ndani ya hema, juu ya mawe, akawapikia supu watu ambao matumbo yao yalikuwa yamekataa chakula. Kazi hiyo aliianza kabla binti yetu hajazaliwa. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi huku Old Moshi, na yeye aliniita Mwalimu hata tukiwa wawili tu.

Habari za ule mji alipewa na mgeni kutoka Afrika Kusini. Ni mji uliojengwa kwenye vilima vikavu kwa ajili ya watu kucheza kamari na kustarehe, wenye mahoteli makubwa kama majumba ya wafalme, na bwawa ambalo mashine inalitia mawimbi. Aliposhuka mlimani safari ile alinisimulia huku ananawa miguu. Nikacheka, nikadhani yatapita.

Kikohozi ndicho kilichoyarudisha. Kilianza kidogo kidogo, mwisho akawa hawezi kupanda kutoka barabarani mpaka nyumbani bila kukaa kwenye jiwe la jirani. Daktari alituita wote wawili, akatueleza bila kuficha kwamba mapafu yake yalikuwa yanakakamaa, na kwamba dawa zingepunguza mwendo wa ugonjwa ila zisingeurudisha nyuma. Mlimani asipande tena. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama anaweza kusafiri. Daktari akasema ndege hapana, kwa sababu hewa ya kule juu ni nyepesi.

"Na basi?" akauliza.

Daktari alinitazama mimi kwanza. Akajibu kwamba basi linawezekana, mradi apumzike njiani.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na safari. Binti yetu, ambaye anafanya kazi Arusha, alimtafutia habari kwenye simu, na yeye akazichambua kama anachambua mchele. Aligundua kwamba hatuhitaji viza, ila pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aligundua kwamba Juni kule ni majira ya baridi, watu hawapendi kuogelea, kwa hiyo vyumba vinashuka bei, tena siku za katikati ya wiki vinashuka zaidi. Hata hivyo hakutaka tulale mle ndani. Tungelala kwenye nyumba ya wageni ya mji wa jirani, asubuhi tuingie kwa kiingilio cha wageni wa kutwa, jioni tutoke. Chakula cha njiani tungebeba wenyewe: ndizi za kukaanga zilizokauka vizuri, karanga, na chai kwenye chupa.

Kamari yenyewe hakuitaka. Nilipomuuliza basi anakwenda kufanya nini, aliniambia, "Mwalimu, hawa watu wanakuja kwetu kulipia kuchoka. Nataka nione wanapokwenda kupumzika."

Shida ilikuwa kaka yake. Ni mtu wa kanisa, mzee wa jumuiya, na kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kimepakana na chetu. Aliposikia, alikuja akakaa sebuleni na kofia yake magotini. Alisema mgonjwa huenda kuhiji, au huenda kwa mganga wa kweli, lakini haendi kwenye mji wa kamari. Alisema watu wangetucheka. Mume wangu hakubishana naye. Alimkaribisha mtori wa ndizi na nyama, wakala pamoja, na kaka yake akaondoka bila kuaga vizuri.

Tuliondoka shule zilipofungwa. Dar tulipumzika kwa ndugu yangu, na joto lile lilimsaidia, akapumua vizuri kuliko nyumbani. Katika basi la kwenda Mbeya alikaa dirishani. Alinionyesha mibuyu ya bondeni, milima ya Udzungwa, na mashamba ya misonobari baada ya Iringa, kama vile yeye ndiye kiongozi na mimi ndimi mgeni. Sijawahi kumwona amefurahi hivyo bila kuwa na sufuria mkononi.

Mbeya tulifika kuna baridi kali. Asubuhi yake midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya buluu. Alijaribu kufunga kamba za viatu akashindwa, nikamfunga mimi, na nilipoinua uso nikaona kwamba hatutapanda basi la kwenda mpakani Tunduma. Tulichukua teksi hadi hospitali, wakamwekea oksijeni. Muuguzi alikuwa dada mpole, alimuuliza tulikuwa tunakwenda wapi. Akamtajia. Muuguzi akasema ni mbali, akamfunika blanketi la pili.

Nilikaa pembeni ya kitanda nikisubiri aseme tusonge mbele, maana nilijua ningeshindwa kumkatalia. Hakusema. Alipopata nguvu kidogo alisogeza ile barakoa ya oksijeni.

"Mwalimu, tumetembea," akasema. "Sasa nirudishe nyumbani."

Tulirudi polepole, tukilala njiani. Binti yetu alikuja kutupokea na gari la kuazima, na alipomwona baba yake akishuka aligeuka, akajifanya anapanga mizigo.

Aliishi mpaka mvua za vuli zilipoanza. Siku nyingi alikuwa kitandani, mito imepangwa mgongoni, mlango wazi ili aone migomba. Wapagazi na waongozaji aliofanya nao kazi walikuja kumsalimia kwa makundi, na nikiwa jikoni nilimsikia anawasimulia mji ule. Aliwaeleza sakafu zinavyong'aa, wapishi waliosimama wima kwenye majiko marefu, wageni wanaokula wakati wowote wanaotaka. Aliwaambia tulifika. Alisimulia vizuri kiasi kwamba nilijikuta nimeacha kumenya ndizi, nasikiliza. Walipoondoka sikumwuliza neno, naye hakunieleza.

Alifariki mchana, mimi nikiwa nimetoka kuchota maji. Tulimzika kihambani, karibu na baba yake. Wapagazi walijaa mpaka barabarani, na baada ya maziko mmoja wao alinishika mkono akasema afadhali mama mliuona ule mji. Nikamwambia asante.

Watu walipotawanyika, na binti akarudi kazini, nyumba ilikuwa na ukimya ambao sikuujua. Kahawa ilikuwa imeiva, inaanguka yenyewe. Nilikuwa naamka, nakaa barazani na kanga yangu, nasikia ng'ombe analia bandani na siwezi kuinuka. Siku moja shemeji yangu, yule kaka wa marehemu, alipita kwenye njia ya mpakani akaja kukaa karibu yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia.

"Shemeji," aliniuliza hatimaye, "hasa mlifika wapi?"

Ningeweza kumjibu kama alivyojibu marehemu. Lakini alikuwa amekonda tangu msiba, na ameuliza kwa sauti ndogo.

"Mbeya," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Nilingoja aseme kwamba alituonya.

"Mimi sijawahi kuvuka Morogoro," akasema. "Mbeya ni mbali."

Kisha akaingia bandani, akatoka na mundu, akashuka kwenye migomba kumkatia ng'ombe majani. Nami nikainuka, nikaweka maji jikoni.